Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: ngitili za koo zetu si ardhi ya akiba

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya,
na kwa Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: NGITILI ZA FAMILIA KUINGIZWA KATIKA ENEO LA AKIBA LA KIJIJI, KUKWAMA KWA HATI ZA HAKI MILIKI YA KIMILA, NA VIBALI VYA UVUNAJI KUTOLEWA BILA WENYEWE KUJUA

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salamu zetu, wewe na watumishi wenzako. Ninaandika kwa niaba ya familia zenye ngitili katika kijiji chetu, mkoani Shinyanga. Wakuu wa familia hizo wamesomewa barua hii, wakaijadili, wakarekebisha waliyoona hayakukaa sawa, kisha wakaniruhusu niitoe hadharani. Hatukuanzia hadharani. Tulianza kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, tukaenda kwa Mtendaji wa Kijiji, tukapanda kwa Mtendaji wa Kata, na hatimaye tukaleta barua katika masijala ya ofisi yako, ambazo nakala zake zenye muhuri wa kupokelewa tunazo. Jibu tulilopata lilikuwa la mdomo, kwamba suala letu linafanyiwa kazi, na katika muda huo wote shoka halikusimama. Jina la halmashauri na la kijiji nimeyaacha kwa makusudi. Wewe unatufahamu, na maofisa vijana waliotumwa kwetu na ramani hawastahili kubebeshwa mbele ya watu maamuzi yaliyofanywa na wakubwa wao.

Kwa kuwa barua hii itasomwa pia na watu wasiotoka Usukumani wala Unyamwezini, niruhusu nieleze kwanza kitu tunachokigombania. Ngitili ni eneo la malisho na miti ambalo mwenye kaya hulifunga mvua zinapoanza, nyasi zikakua bila kuguswa na mifugo, akalifungua katikati ya kiangazi malisho ya nje yakishakwisha. Halifunguliwi lote kwa mara moja. Hufunguliwa kipande baada ya kipande, na wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, walio dhaifu, na maksai watakaovuta plau mvua za kwanza zikinyesha. Miti ya ngitili kwa kawaida haipandwi. Huachwa ichipue kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokwisha kuwamo ardhini, kisha mwenyewe huchagua machipukizi ya kuachwa yakue na ya kukatwa kuwa kuni au fito. Migunga, mikwaju na mipingo mnayoiona leo mkipita barabarani imekua kwa njia hiyo. Kazi ya mwenye ngitili, kwa hiyo, ni kazi ya kuzuia: kuzuia moto, kuzuia mifugo ya wengine, kuzuia shoka, na mwaka wa njaa kuizuia hata tamaa yake mwenyewe. Ni kazi isiyoonekana kwa anayepita na gari, na nadhani hapo ndipo matatizo yetu yote yanapoanzia.

Mkoa huu uliwahi kuipoteza miti yake kwa amri ya serikali. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 utawala wa kikoloni, ambao ulikuwa umeifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o, uliongoza kazi kubwa ya kufyeka mapori ili mbung'o wakose pa kuishi. Mti ulikuwa adui wakati huo, na wazee wetu walitolewa kwa nguvu kwenda kuukata. Baadaye ikaja pamba iliyotaka mashamba mapya kila mwaka, mifugo ikaongezeka, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kutoka kwenye kaya zao, wakaziacha ngitili zikiwa hazina mlinzi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao sisi sote tunaujua kwa jina la HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoweza kuhesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi tu, katika mkoa uliokuwa ukiitwa jangwa la Tanzania. Mwanzoni mradi huo ulijaribu kugawa miche. Ulipowasikiliza wazee ndipo ulipogundua kwamba njia ya kurudisha miti ilikuwa tayari inajulikana na ilikuwa na jina. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya uliokuwa mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijamegwa. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Sehemu kubwa ya ngitili hizo ilifungwa na familia, kila moja juu ya ardhi yake, nyingi zikiwa hekta chache tu. Mzee wetu aliporuhusiwa na serikali ya kijiji kurudi kwenye matongo ya baba yake, yaani mahali palipokuwa kaya kabla ya kuhamishwa, hakulima pamba. Alifunga ngitili, akatufundisha mipaka yake kwa kutembea nasi, na leo watoto wetu wanaitembea mipaka hiyohiyo. Hali ni hiyo katika karibu kila familia ninayoiwakilisha. Sasa nieleze tunachokulalamikia.

1. Ramani ya matumizi ya ardhi imetutoa katika ardhi yetu bila kututaja.

Mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji ni jambo jema, na Sheria Na. 6 ya mwaka 2007 inauagiza. Hatukuupinga, na baadhi yetu tulichangia chakula cha timu ya upangaji. Lakini ramani iliyotoka imezipaka ngitili zote za upande wa magharibi rangi moja na kuziandika "eneo la akiba kwa matumizi ya baadaye", bila kuonyesha mpaka hata mmoja baina ya familia na familia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayokaliwa au kutumiwa na mtu, familia au kikundi, na ardhi inayoweza kuja kugawiwa. Ngitili zetu zimetolewa katika fungu la pili zikatiwa katika la tatu kwa kalamu ya rangi. Hakuna uamuzi wa mahakama, wala fidia, wala hata kikao na wenye ardhi, na sheria hiyo haijui njia ya kupoteza ardhi inayofanana na hiyo.

Tunaambiwa kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji uliidhinisha. Ni kweli kwamba watu walinyoosha mikono, nami nilikuwapo. Ramani ilitundikwa mbele, ikaelezwa kwa jumla, na maneno "eneo la akiba" yakasomwa kwa namna ambayo mtu yeyote angedhani ni hifadhi ya miti. Hakuna aliyeambiwa kwamba kwa kunyoosha mkono alikuwa anaitoa ngitili ya jirani yake, au yake mwenyewe. Timu haikutembea mipakani, ingawa mipaka ipo na inajulikana: kuna uzio wa minyaa, kuna mikwaju mikongwe iliyoachwa kwa kusudi hilo, kuna vichuguu na njia za ng'ombe ambazo kila mzee wa kitongoji anaweza kuzionyesha akiwa amefumba macho.

Na neno "akiba" si dogo kama linavyosikika. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, katika tafsiri yake ya ardhi ya jumla, inataja pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, ilhali Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo haisemi hivyo. Wanasheria wamebishana juu ya tofauti hiyo tangu sheria hizo zitungwe, na sisi si wanasheria. Tunajua tu kwamba kijiji kikishaandika chenyewe, kwa mhuri wake, kwamba eneo fulani halina matumizi kwa sasa, siku atakapokuja mwekezaji mwenye barua nzuri itakuwa vigumu sana kwa mjane mwenye hekta tatu za migunga kuthibitisha kwamba alikuwa akilitumia.

2. Maombi yetu ya hati yamekwama kwa sababu ambayo tunaona aibu kuiandika.

Tuliomba hati za haki miliki ya kimila kwa ajili ya ngitili zetu. Wenzetu walioomba kwa ajili ya mashamba ya pamba, mtama na mpunga walipata. Sisi tuliambiwa kwanza kwamba fomu haina nafasi ya ngitili, kwamba matumizi yanayokubalika ni kilimo, makazi au biashara. Tulipouliza tufanye nini, tukashauriwa na mtumishi wa serikali, mbele ya mashahidi, kwamba tufyeke kipande tulime hata mahindi, ili mpimaji atakapokuja aone kwamba ardhi inatumika.

Ndugu Mkurugenzi, tafadhali lisome tena shauri hilo. Serikali ambayo kila mwaka hutuhimiza kupanda miti, na ambayo viongozi wake hupiga picha wakimwagilia miche ambayo wengi hawarudi kuitazama, inatuambia kupitia kwa mtumishi wake kwamba mti uliosimama kwa vizazi vitatu si ushahidi wa matumizi, na kwamba shina la mahindi lililonyauka mwezi wa tatu ni ushahidi. Familia mbili zimekwisha kulifuata shauri hilo. Siwalaumu. Walifyeka sehemu yenye udongo wa itogolo, ambao chini yake kuna tabaka gumu lisilopitisha maji, wakapata mavuno hafifu ya msimu mmoja, na sasa eneo hilo lina mikondo ya maji ya mvua inayochimba kuelekea kwenye lambo la kijiji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji haiwadai walichofanya. Inasema kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na haki nyingine ya kumiliki ardhi, kwamba inaweza kuwa ya muda usio na ukomo, na kwamba inarithiwa. Inapozungumzia ardhi iliyotelekezwa, inazungumzia ardhi ambayo haikukaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka 5, na hata kuipumzisha ardhi inakutambua kuwa ni namna ya kuitumia. Ngitili hufungwa na kufunguliwa kila mwaka. Ikiwa kupumzisha shamba ni matumizi, sioni kwa hoja gani ngitili iitwe pori lisilo na mwenyewe. Tena Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, inataja waziwazi misitu ya watu binafsi, ikiwamo ile iliyo katika ardhi ya kijiji na kushikiliwa na mtu mmoja au zaidi kwa haki ya kimila. Kama fomu haina nafasi ya ngitili, fomu ndiyo yenye kasoro.

Ndani ya suala hili la hati kuna jingine ambalo wanaume wenzangu wa ukoo wangependa nilipitie haraka, nami sitalipitia haraka. Fomu chache zilizopokelewa zina jina moja tu, na jina hilo ni la mtoto wa kiume mkubwa. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, ambalo bado linatajwa katika mabaraza yetu, linamweka binti nyuma katika urithi wa ardhi ya ukoo, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji inampa mwanamke haki ileile ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi kama mwanamume. Katika ngitili nyingi ninazozijua, anayejua dawa iko kwenye gome gani, kuni zikatwe wapi na uyoga unaota chini ya mti upi, ni mama. Hati ikitoka bila jina lake, au bila majina ya mabinti, kaka mmoja mwenye deni mjini anaweza kuuza kilichohifadhiwa na wote. Tunaomba hati za familia, zenye majina yote.

3. Vibali vya mkaa vinatolewa juu ya miti yenye wenyewe.

Tangu ramani hiyo itoke, wamekuja watu wenye vibali vya kuvuna mkaa, vikiwa vimeandikwa jina la kijiji chetu na eneo la akiba. Wamekata mikwaju ambayo wazee waliiacha iwe alama ya mpaka, na wamechoma tanuri ndani ya ngitili ambazo zilikuwa hazijafunguliwa msimu huo. Sungusungu walipowasimamisha, viongozi wa sungusungu ndio walioitwa kuhojiwa kwa kuzuia kibali halali. Wakati huohuo, mzee mmoja wa kwetu aliyekata miti ya kujengea zizi lake mwenyewe, ndani ya ngitili yake mwenyewe, alidaiwa kibali na kutozwa. Tunaheshimu utaratibu wa uvunaji na tunajua kwamba wilaya ina kamati yake ya uvunaji inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya, ndiyo maana nakala ya barua hii inakwenda kwake. Tunachotaka kujua ni jambo moja: kamati ilipopitisha vibali hivyo, iliuliza kwamba miti hiyo ni ya nani?

4. Sheria ndogo za kijiji zimelala.

Kijiji kilitunga sheria ndogo za ngitili: moto, mifugo inayoingizwa usiku, ukataji wa mti mbichi, na namna faini inavyogawanywa baina ya kijiji na mwenye hasara. Dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, iliwahi kuyasimamia mambo haya bila karatasi, lakini leo mchungaji anayetoka mbali na ng'ombe mia mbili hatambui Dagashida ya watu wasio wake, anatambua karatasi yenye muhuri. Sheria ndogo za kijiji hazina nguvu mpaka Baraza la Madiwani liziidhinishe. Zetu zimekaa halmashauri bila kupangwa katika ajenda. Wakati zinakaa, anayekamatwa hutozwa kiasi kinachoamuliwa siku hiyo ofisini, na mwenye ngitili iliyoliwa hapati kitu.

5. Kuna watu wanapima miti yetu kwa ajili ya hewa ukaa.

Hatuna ugomvi na biashara ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, na tunajua kwamba tangu mwaka 2022 ina kanuni zake. Mkoani kwetu ulikwisha kufanyika mradi wa majaribio uliofadhiliwa na Norwei, na waliohusika walikaa na wenye ngitili, wakawafundisha kupima wenyewe. Safari hii wamekuja wageni wenye barua ya utambulisho kutoka halmashauri, wakapima vipenyo vya miti, wakaondoka. Ikiwa mkataba unaandaliwa juu ya "msitu wa kijiji" ambao kwa kweli ni ngitili za watu, tunaomba ujulikane sasa kabla haujatiwa saini.

Ninajua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengi tumekwisha kuyasikia kwenye korido.

Litatolewa la kwanza, kwamba ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Hilo halina mbishi. Lakini udhamini huohuo ndio unaomlinda mwenye shamba la pamba na mwenye nyumba mjini, na hakuna aliyewahi kuutumia kumwambia mwenye nyumba kwamba chumba chake kisicholala mtu ni cha akiba.

La pili linatoka kwa wanaojua sheria, nalo linastahili jibu refu zaidi. Husemwa kwamba haki zetu zilikufa na Operesheni Vijiji, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji inahalalisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 na kuzifuta haki za kabla ya hapo. Tumelisoma kifungu hicho kwa msaada wa kijana wetu anayesomea sheria. Kinamlinda aliyegawiwa ardhi katika operesheni, asije akafukuzwa na mwenye matongo ya zamani, na hiyo ni haki. Lakini matongo yetu hayakugawiwa mtu. Yalibaki mapori mpaka serikali ya kijiji, ikihimizwa na HASHI, ilipotuita sisi wenyewe turudi tuyafunge, na majina ya waliofunga yaliandikwa katika daftari la kijiji. Hata kama mtu atashikilia kwamba haki ya babu ilikufa, haki iliyozaliwa upya wakati huo, kwa idhini ya kijiji, na ikatumika bila kukatizwa mpaka leo, ingali hai.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nasi hatulikwepi: vijana wanaongezeka na hawana ardhi, iweje familia moja ishikilie hekta kadhaa za miti? Vijana hao ni wetu. Wengine ni wanangu. Kama kijiji kinaona kuna familia iliyoshikilia kupita kiasi, kijadili kiwango waziwazi katika Mkutano Mkuu, kwa kipimo kinachomhusu pia mwenye mashamba makubwa ya pamba na mwenye makundi makubwa ya ng'ombe anayechunga kwenye ardhi ya wote. Lakini kwanza kifanye hesabu. Utafiti uliofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, uliotolewa mwaka 2005, ulikadiria kwamba faida za ngitili zilikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Ndani ya faida hizo kuna kuni, miti ya kujengea, malisho, dawa, asali, matunda na muda ambao wanawake hawautumii tena kwenda mbali kutafuta kuni. Kijana anayegawiwa ekari mbili za itogolo iliyofyekwa hapewi kitu cha kumfikisha popote karibu na kiasi hicho, na jirani zake wanapoteza malisho ya kiangazi waliyokuwa wakiyanunua au kuyaomba kutoka kwa mwenye ngitili.

Na wapo watakaosema kwamba sisi wenyewe tunakata na kuuza, kwa hiyo si wahifadhi. Tunakata, ndiyo. Tunauza fito, nyasi, na mwaka mbaya tunauza kuni. Ngitili iliwekwa ili itumike kwa kipimo, na anayetaka tusiguse tawi anatutaka tuwe walinzi wasiolipwa wa bustani ya mtu mwingine.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe kwa maandishi:

(a) Utekelezaji wa mpango wa matumizi ya ardhi usimamishwe kwa sehemu ya upande wa magharibi pekee. Mengine yaendelee, hatutaki kumkwamisha mtu.

(b) Timu irudi, itembee mipakani pamoja na wazee wa kitongoji na wenye ardhi zinazopakana, wanaume kwa wanawake, na kila ngitili iandikwe kwa jina la familia yake katika fungu la ardhi inayotumiwa. Gharama ya chakula cha timu tutachangia tena.

(c) Maombi ya hati yafufuliwe, "ngitili" ikiandikwa kuwa matumizi, na majina ya wanafamilia wote wenye haki yakiingizwa. Watumishi waelekezwe kwa waraka kwamba hakuna mwombaji atakayetakiwa kufyeka ili apate hati.

(d) Vibali vyote vya uvunaji vilivyotolewa kwa jina la eneo la akiba visitishwe mara moja. Hili haliwezi kungoja vikao, kwa kuwa mkwaju uliokatwa leo hautarudishwa na muhtasari wa mwezi ujao.

(e) Sheria ndogo za kijiji chetu ziingizwe katika ajenda ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na Mheshimiwa Diwani wa kata yetu aeleze wananchi kwa nini hazikuingizwa mapema.

(f) Halmashauri itangaze kama kuna mazungumzo yoyote ya hewa ukaa juu ya ardhi hiyo, na nani anazungumza kwa niaba ya nani.

Tunakupa siku 60 tangu barua hii ipokelewe. Tungependelea zaidi uje mwenyewe, ukae nasi chini ya miti hiyo, tukutembeze mpaka kwa mpaka, na mjadala uandikwe muhtasari utakaosainiwa na pande zote. Muda huo ukipita bila jibu, tumekubaliana kutoa notisi ya siku 90 kama sheria inavyotaka kwa anayekusudia kuishtaki serikali, na kuendelea nayo mpaka Mahakama Kuu. Mchango wa kesi umekwisha kuanza kukusanywa, na mweka hazina wetu atakuwa radhi kukuonyesha daftari.

Kiangazi kinaingia. Kwa desturi ngitili zetu zitaanza kufunguliwa ng'ombe wakishamaliza mabua ya mtama, na zitafunguliwa na wenyewe. Wanaokuja na vibali watakutana nasi huko, bila fujo, na kila mmoja wetu akiwa na nakala ya barua hii.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Kwa niaba ya familia zenye ngitili, upande wa magharibi wa kijiji
(majina na saini zimeambatishwa katika nakala iliyopelekwa masijala)

Nakala:
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Kamati ya Uvunaji ya Wilaya
Mheshimiwa Mbunge wa Jimbo
Mheshimiwa Diwani wa Kata
Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji, kwa ajili ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo